Siku 40 na kamera Lamu: shajara ya mtu mwenye haya

Kabla ya kuanza

Kaka yangu wa Mombasa kanunua kamera mpya, ya zamani kanipa mimi. Ni Fujifilm X100, ile ya kwanza iliyotoka 2011. Ina megapikseli 12 na lenzi moja isiyobanduka, ya milimita 23, ambayo kwa kamera hii huona sawasawa na 35 ya filamu. Haivuti mbali. Ukitaka mtu awe mkubwa pichani, umwendee kwa miguu yako. Na hapo ndipo penye kazi, maana mimi ni yule ambaye nikifika dukani nikakuta watu watatu, hupita kana kwamba nina safari nyingine, nikarudi wakishaondoka.

Mradi wenyewe ni huu: siku 40, njia ile ile ninayopita kila siku, kutoka nyumbani Mkomani hadi kazini Langoni. Mchana narudi kula, kwa hiyo ni safari nne kwa siku. Kila siku nitoke na picha moja ya mtaani yenye binadamu ndani. Mlango wa nakshi hauhesabiki, paka hahesabiki, punda hahesabiki. Nimeliweka sharti hili kwa sababu najijua.

Siku ya 1, Jumamosi

Fremu 61. Milango 23, paka 19, punda 14, mashua 5. Binadamu hakuna.

Siku ya 2

Fremu tatu. Zote tatu ni mgongo wa mchukuzi mmoja, kila moja yuko mbali zaidi kuliko iliyotangulia, kwa sababu yeye alikuwa akienda na mimi nilikuwa nimesimama nikijishauri.

Siku ya 4

Aibu ya leo naiandika upesi ili nisije nikaifuta kichwani.

Karibu na magharibi, kichochoro chenye wikio juu yake, yaani chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, giza limeshaingia pale chini. Mzee mmoja kakaa barazani, kanzu nyeupe, bakora katikati ya magoti, hatazami popote. Nikajipa moyo, nikainua kamera, nikabonyeza kifungo nusu ili ilenge. Kumbe kamera hii ikiona kiza huwasha taa yake ndogo ya mbele kujisaidia kulenga! Duara la mwanga likatua kifuani pa mzee wa watu, halafu kamera ikalia "pii-pii" kwa raha zake. Mzee akaitazama kanzu yake, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Bismillahi."

Nikasema "Masalkheri, babu," nikaenda zangu mbio, nusura mguu uingie mtaroni. Picha sikupiga.

Siku ya 5

Nimekaa usiku na mipangilio ya kamera. Taa ya kulenga: nimezima. Milio yote: nimezima. Kioo cha nyuma kisiwake kila baada ya picha: nimezima. Shata ya kamera hii, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga picha ikipigwa, iko ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo ikinyamazishwa husikii ila "tk", kama mtu kabana kucha mbili. Kisha nikachukua utepe mweusi wa fundi wa umeme nikafunika sehemu zote zinazong'aa. Hilo nimemwiga Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa aliyekuwa akifunika kamera yake ya Leica hivyo hivyo ili watu wasiione. Yeye alifanya hivyo Paris. Sasa tuone kama Langoni utepe utafaa kitu.

Siku ya 8

Haufai kitu. Kamera haionekani lakini mimi naonekana.

Wapigaji wa mitaani ninaowasoma, kazi yao yote imesimama juu ya jambo moja: hawajulikani. Vivian Maier alikuwa yaya kule Chicago, akapiga picha zaidi ya 100,000 na karibu hakuna aliyejua, mpaka sanduku zake zilipopigwa mnada mwaka 2007. Alitumia Rolleiflex, kamera ya kutazamia kwa juu, unaishika kifuani na kuinamisha kichwa kama unayetafuta sarafu. Umma wa watu ukipita mbele yake, hakuna anayemjua jina wala kwao.

Mimi nikitoka mlangoni tu: asalaam aleikum, waaleikum salaam. Mama hajambo? Hajambo. Yule wa Mombasa lini aja? Hatua kumi, salamu nne. Na kupita bila kusalimu haiwezekani, labda niwe nahama. Tatizo la picha ni kwamba salamu humgeuza mtu. Namwona muuza kahawa pale Mkunguni mbele ya Ngome, kainama, dele la kahawa mkono mmoja, vikombe vinagongana mkono wa pili, mwanga unampiga ubavuni. Kabla sijainua kamera ameshainua kichwa: "Sabalkheri, binti fulani!" Basi. Picha imekwisha, sasa kilichobaki ni mtu anayenitabasamia.

Haya yangu ya kuogopa wageni haina kazi hapa, kwa kuwa hakuna wageni. Ninachokiogopa ni kujulikana.

Siku ya 11

Kaka kanifundisha kwa simu kulenga kwa kukadiria. Zima kulenga kwa kujitegemea kwa kamera, weka tundu la lenzi f/8, yaani dogo, weka umbali wa mita mbili, uache hapo hapo. Kwa lenzi hii, kila kilichoko kati ya mita moja na robo na mita tano hivi kitatoka kikali vya kutosha. Huna haja ya kungoja kamera ifikiri. Nimepima mita mbili kwa kamba ya kuanikia nguo, nikaenda nayo uani nikikadiria: ndoo, mkungu wa ndizi, dada yangu. Kufikia jioni jicho lilikuwa limeshaizoea.

Vichochoro vyetu vingi ukinyosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Kwa hiyo mita mbili si jambo la kutafuta, ndiyo mita zilizopo. Ila f/8 kivulini inakula mwanga: ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inabidi iwe 1600 hata saa tatu asubuhi, na picha ina chembechembe kama unga wa mahindi. Mimi hazinisumbui.

Siku ya 13

Gatini. Nahodha wa boti anafunga kamba, mguu mmoja kwenye boti, mwingine kwenye ngazi, na boti inataka kuondoka. Nilipiga mbili. Akaniona.

"We! Mtoto wa nani?"

Angalia swali lenyewe. Hakuniuliza mimi ni nani wala nafanya nini. Nikamtajia baba. Akacheka, "Kumbe mtoto wa fulani! Futa hiyo, n'na jasho." Nikafuta mbele yake, zote mbili, nikamwonyesha kioo kitupu. Moja ilikuwa nzuri. Hilo nalo linauma.

Kutoka gatini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Nilipofika mama alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa: "Naambiwa wapiga watu picha."

Siku ya 14 hadi 16

Sikupiga. Nimeandika masharti badala yake.

Sura ya mwanamke siipigi bila kumwomba, hata kama ni mtaani, hata kama nami ni mwanamke mwenzake. Sababu ni ile inayojulikana na kila mtu hapa, sina haja ya kuieleza. Mikono, buibui likipeperushwa na kaskazi, kivuli ukutani, hizo sawa. Mtoto, mzazi wake ajue. Atakayesema futa, nafuta, bila hoja. Na hakuna picha ya mtu itakayouzwa: mwenye kutaka biashara na sura za watu Kenya hii ana Katiba ya 2010 inayolinda faragha katika kifungu cha 31, na juu yake Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini kusema kweli sheria inayonibana mimi ni ile ya mama na nazi yake.

Siku ya 17

Shangazi kanikuta nimesimama pembeni ya nyumba yake, mgongo ukutani, kamera chini ya buibui. Nilikuwa hapo kama robo saa nikingoja mtu apite kwenye kipande cha mwanga. Watu saba walikuwa wameshapita, na kati yao watano waliniuliza namngoja nani. Mwanamke kusimama njiani robo saa hapa mjini ni habari.

"Una nini kunyemelea watu kana mwivi? Ndoo ukae."

Akanikalisha kwenye daka. Kwa asiyezijua nyumba za mawe: daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni, kabla ya mlango wenyewe, una baraza la mawe kila upande. Wanaume ndio hukaa hapo asubuhi na jioni. Mchana hapana mtu. Shangazi huja na ukili wake akasuka mpaka chakula kiive. Ukikaa ndani ya daka unaona kichochoro kama umekitia kwenye fremu: nguzo ya kushoto, nguzo ya kulia, katikati kipande cha njia cha hatua tatu. Anayepita anakuwa mbele yako kwa sekunde mbili, halafu hayupo. Na hasalimu mpaka ameshafika, kwa sababu hakukuona alipokuwa anakuja.

Nilikaa saa nzima. Hakuna aliyeniuliza namngoja nani. Nimekaa kwa shangazi yangu, nataka kujibu nini tena?

Nilimweleza shangazi mradi. Alisikiliza, ukili unakwenda mikononi bila kuutazama. "Kwa hiyo watega dema," akasema. Marehemu mume wake alikuwa mvuvi, na dema ni mtego wa samaki. Dema haumfukuzi samaki, unalitia mahali pake, unakwenda zako. Siku ile ile usiku nikasoma kwamba wapigaji wa mitaani wa Ulaya na Marekani nao wana njia hii, ya kuchagua mahali kwanza na kumngoja mtu baadaye, na wanaiita uvuvi. Shangazi hajui kusoma Kiingereza.

Fremu 9. Binadamu 9.

Siku ya 18 hadi 24

Wiki hii nimejifunza jua, na nina mengi ya kusema.

Vitabu vya picha vyote hukwambia jua la saa sita halifai, piga alfajiri au jioni. Labda kwao. Mji wetu unatazama mashariki, Manda iko ng'ambo. Vichochoro vinavyopanda kutoka pwani hupata jua la asubuhi, linakuja moja kwa moja kutoka baharini mpaka juu. Lakini vile vinavyokwenda sambamba na pwani, kama hiki cha shangazi, asubuhi ni kivuli, alasiri ni kivuli. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba. Jua huanza kushuka kwenye ukuta wa magharibi kama saa tano hivi, dirisha kwa dirisha, na huigusa ardhi likishakaribia utosini tu. Tuko digrii mbili na kitu kusini mwa ikweta, basi jua letu linapokuwa juu, liko juu kweli. Kwa robo saa hivi njia nzima inawaka, ukuta hadi ukuta. Kisha mwanga unajivuta upande wa mashariki, unaanza kupanda ukuta wa pili.

Siku ya 20 ndipo nilipogundua jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote na sikuliona. Mwanga ule ukiwa bado uko chini, adhana inalia. Nikadhani ni bahati. Kesho yake vile vile, na ilikuwa Ijumaa, kanzu zimepigwa pasi. Siku ya 22 nikamwambia shangazi, akanitazama kama mtu aliyeambiwa maji yana unyevu. Adhuhuri huingia jua likishapinduka. Jua la kupinduka ndilo hilo hilo, na ndilo pekee linaloweza kufika chini ya kichochoro kama hiki. Yaani kila siku, mwanga unapotandika njia, wanaume wa mtaa mzima wanatoka majumbani mwao wamevaa nyeupe.

Sijapata dema lililo mahali pake kuliko hili.

Ufundi wake lakini una mtego. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, inaona kuta zenye kiza, inafungua, na kanzu inaungua mpaka inakuwa tundu jeupe lenye kichwa. Fremu zote za siku ya 18 zimekwenda hivyo. Sasa napima kwenye kanzu, naacha kuta ziwe nyeusi: ISO 200, f/8, shata 1/500 ya sekunde, sigusi tena. Jambo la pili ni uso. Jua la utosini huacha kivuli cha kofia machoni, na kwa kamera nyingi uso ungekuwa kiza kitupu. Ila ardhi hapa ni ya rangi ya mchanga, mwanga unapiga chini na kuruka juu, unapanda taratibu chini ya kidevu. Uso hauonekani wazi wala haupotei. Kwa mwenye masharti kama yangu ni neema.

Siku ya 23, saa sita na dakika ishirini na kitu. Wanaume wamekwisha pita, njia imekuwa tupu, nimeanza kufunika lenzi. Nikasikia miguu inakimbia. Mtoto wa jirani, miaka tisa au kumi, kachelewa. Ametoka kutawadha sasa hivi, kofia ya vito iko mkononi anajaribu kuitia kichwani huku anakimbia, mkono mmoja juu, ndara moja imemtoka na inaonekana nyuma yake hewani. Nilibonyeza mara moja. Nyumbani nilipoitazama kubwa, maji ya udhu yalikuwa bado yako mkononi mwake, kutoka kiwiko mpaka vidole, matone yanaonekana moja moja, na kila tone limebeba jua lake. Uso uko nyuma ya mkono.

Mama yake nilimwonyesha jioni ile ile. Alichoniuliza ni kama ile ndara aliirudia.

Siku ya 26

Mawingu. Shangazi katoa albamu. Miongoni mwa picha za harusi na za pasipoti imo moja ya shemeji yake, kijana, kichwa chake kimechomoza katikati ya ua kubwa, kakaza macho kama anayesikiliza hotuba. Ni kazi ya Omar Said Bakor, ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa na studio hapa hapa Lamu, na alikuwa hodari wa kukata na kubandika picha ikatoka kitu ambacho macho hayajapata kukiona. Nilikuwa nikidhani watu wa mji huu hawapendi picha. Albamu hii ina picha zaidi ya mia. Wanapenda sana. Wanataka tu kujua inapigwa lini, ili wakae sawa.

Hilo linanichanganya kidogo, maana mradi wangu wote ni kuwapiga kabla hawajakaa sawa.

Siku ya 29

Simila, simila! Yaani pisheni njia. Punda wawili wa mchanga wakapita mbele ya daka wakati ule ule jua liko chini, na vumbi likasimama kwenye mwanga kama pazia. Nilipiga fremu 30 za vumbi. Mchunga punda yumo kwenye moja tu, nusu yake. Naihesabu.

Siku ya 31 hadi 35

Homa. Siku moja nilimpiga dada akiniletea uji, lakini chumbani si mtaani.

Siku ya 36

Nimekwenda kusafisha picha sita, ukubwa wa kawaida. Kijana wa mashine akaniuliza kama anaweza kuzing'arisha, "zimekuwa nyeusi nyeusi". Nikamwambia aache. Akaziacha, ila mojawapo kaing'arisha kwa huruma yake, na kuta zimekuwa za kijivu kama majivu ya jikoni. Nimeilipia.

Ya mtoto nimempelekea mama yake. Ya mchunga punda nimemwachia kwa muuza duka anapofungia punda wake. Ya nahodha sina, nilifuta, lakini nilipita gatini nikamwambia, "Ami, siku ukioga niite." Nilishangaa mdomo wangu. Akacheka mpaka akakaa.

Siku ya 40, Jumatano

Picha moja niliisafisha kwa ajili ya yule mzee wa siku ya 4. Nilimpata tena wiki ya tatu, akipita mbele ya daka kwenda kuswali, bakora mbele, jua mgongoni, kanzu inawaka yenyewe safari hii. Kichwa kimeinama. Ni mabega, kofia, na kivuli kifupi kilichojikunja miguuni.

Nikamkuta barazani pake, saa kumi na moja jioni. Nikambusu mkono, nikaomba radhi kwa ile taa. Alikuwa hajasahau. Nikampa picha. Akaitoa mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kutazama nyuma kama pana maandishi.

"Nzuri," akasema. "Uso wangu u wapi?"

Nikaanza kueleza habari ya mwanga na kivuli. Akawa ameshaacha kusikiliza. Kaweka picha pembeni, kavuta kanzu magotini, kaisawazisha kofia kwa mikono miwili, bakora kaitia katikati, kaikaza shingo, kanitazama moja kwa moja kwenye lenzi.

"Piga sasa."

Mita mbili, bila kupima. Mkono ulitetemeka. Kuangalia baadaye, nilikuwa nimeacha mipangilio ya adhuhuri, kwa hiyo imetoka kiza sana, na kuivuta juu kumeleta chembechembe tele. Macho lakini yamo. Kesho naipeleka isafishwe, na namwambia kijana wa mashine hii aing'arishe.